Mashini ya Zamani ndani ya Mashini Mpya

Leo sianzi na fundisho, naanza na kosa. Nilimsingizia mtu. Sikufanya kwa chuki wala kwa fitina. Nilifanya kwa kusoma vibaya. Na kilichonitoa katika kosa lile ni jambo ambalo labda wengi wenu hamkupata kulisikia: kuiamsha kompyuta iliyokwisha kufa ndani ya kompyuta iliyo hai. Nisikilizeni taratibu, nitawaeleza yote tangu mwanzo hata mwisho.

Mimi ni katekista. Nilisoma seminari miaka sita, nikatoka, nikaoa, na sasa tuna watoto wanne. Parokia yetu iko kusini mwa Kongo, mwendo wa siku moja kwa lori kutoka Lubumbashi; na mvua ikinyesha, siku mbili au tatu. Kwa kuwa seminarini nilijifunza kazi ya kuandika, Padri alinipa kazi ya ofisi: kutengeneza vyeti, kutunza vitabu vya ubatizo, kupokea watu wenye shida zao.

Vitabu vyetu vya zamani havipo tena. Usiku mmoja wa mwaka 2004 upepo uliezua mabati ya ofisi. Mvua ikaingia, na kabla watu hawajamaliza kuvianika vitabu, mchwa wakavikuta. Ubatizo wote wa tangu 1962 hata 1995, zikapona karatasi chache tu.

Walakini hatukupoteza yote. Padri mzee, Mbelgiji, aliyekaa kwetu miaka mingi, alikuwa na kompyuta yake tangu 1997. Sisi tuliiita «ordinatere ya Padri», na watoto walichungulia dirishani ili waione. Kila jioni jenereta ikiwaka, Padri alikaa akinakili vitabu vile, mtu mmoja mmoja: jina, wazazi, msimamizi, siku ya kuzaliwa, siku ya ubatizo. Hakuacha na yale ya pembeni. Maana sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, yataka kitabu cha ubatizo kionyeshe pia kipaimara cha mtu na ndoa yake. Mtu akifunga ndoa katika parokia nyingine, Padri wa huko huandika barua, nasi huku tunatia neno pembeni mwa jina lake. Hivyo hawezi mtu kuoa hapa leo, na kesho kuoa kule kana kwamba hajaoa.

Baada ya upepo ule wa 2004, kompyuta ya Padri ndiyo ikawa kitabu chetu. Mwaka 2012 Padri alirudi kwao Ulaya, akafia huko. Kompyuta nayo haikukaa sana. Siku moja ikabonyezwa, haikuwaka. Wakaifunika kwa kitambaa, wakaiweka juu ya kabati.

Mwaka 2019 fundi mmoja kijana alipita kwetu. Akaifungua, akatoa diski iliyomo, akaenda nayo mjini. Baada ya juma mbili akaturudishia diski pamoja na orodha ndefu iliyopigwa chapa, majina zaidi ya elfu tatu. Tulimlipa, tukamshukuru. Tangu siku ile nilipoulizwa habari za mbatizwa wa zamani, nilifungua orodha ile tu.

Sasa nifike penye kosa langu.

Mwaka 2022 kijana mmoja wa parokia yetu alitaka kuoa. Jina lake nalificha. Alibatizwa kwetu 1992. Ni seremala, mtu wa kazi na wa maneno machache. Wazazi wa pande mbili walikuwa wamekwisha kupatana, mbuzi wawili wamekwisha kupelekwa na sehemu ya fedha. Ilibaki kwangu kutazama orodha kabla ya matangazo ya ndoa kusomwa kanisani.

Nikatazama. Jina lake hili hapa. Na chini yake maneno haya: ndoa, 16/7/2011, na jina la mwanamke.

Nikashtuka. Nikamwita.

— Mwalimu, mimi sina mke, wala sikupata kuwa naye.

— Karatasi yasema unaye.

— Basi karatasi yasema uongo.

— Mwaka 2011 ulikuwa wapi?

— Nilikuwa Likasi, nikitafuta kazi.

Loo! Jibu lile likanitosha. Nikafikiri: hivyo hivyo ndivyo wasemavyo wote. Mtu huenda mjini, huoa huko, humwacha mke, hurudi kijijini mikono mitupu na moyo mweupe. Ningalipaswa kumpelekea Padri habari ile, naye achunguze na kuandika barua. Sikungoja. Padri alikuwa safarini kwenye vituo vya mbali, na njiani nikakutana na baba wa msichana, akaniuliza: «Mwalimu, matangazo lini?» Nikamwambia yote niliyoyasoma.

Mnajua yaliyofuata. Mbuzi wakarudishwa mchana kweupe, watu wote wakiona. Wanawake kisimani wakaongeza chumvi: mara ana watoto wawili Likasi, mara watatu. Msichana akapelekwa kwa shangazi yake. Yule seremala hakuja kunigombeza. Aliacha tu kuja kanisani. Na kila nilipopita mbele ya banda lake, alizima randa yake mpaka nipite.

Yapata majuma matatu baadaye nilikuwa natafuta katika orodha jina la mama mmoja, Hélène. Halikuonekana. Nilipotafuta kwa jina la baba yake nikamkuta, lakini ameandikwa «H‚lŠne». Nikasema: huyu ni nani tena? Nikaanza kutazama vizuri zaidi, nikaona kila jina lenye herufi za Kifaransa limeharibika namna ile. René amekuwa «Ren‚». Basi nikaendelea kufunua hata karatasi za mwisho. Na huko mwisho macho yangu yakaanguka juu ya jina la yule seremala tena. Lakini ubatizo ni wa 1989, wazazi ni wengine, na chini: ndoa, 16/7/2011, na jina la mwanamke yule yule.

Nikafahamu huyu ni nani. Ni mtoto wa baba yake mdogo. Wote wawili walipewa jina la babu yao, kama ilivyo desturi yetu. Huyu mwingine alikwenda zamani upande wa Zambia, na habari zake hazipatikani.

Mwanamke mmoja, siku moja, waume wawili! Hata mtoto wa katekismu angesema: hapa pana uongo. Lakini uongo uko wapi? Orodha haikuweza kunijibu. Yaweza kuwa neno la ndoa ni la seremala, likaangukia kwa ndugu yake. Yaweza kuwa kinyume. Usiku ule sikulala.

Padri aliporudi nikamweleza, bila kuficha neno nililomwambia baba wa msichana. Alinyamaza kitambo, kisha akasema:

— Mwalimu, orodha hii si kitabu. Kitafute kitabu chenyewe.

— Padri, kitabu chenyewe ni ile kompyuta juu ya kabati.

— Basi kiko juu ya kabati.

Niliandika habari kwa mwenzangu mmoja wa seminari, ambaye leo anafanya kazi ya kompyuta Lubumbashi. Nikamwuliza: siwezi kuchukua programu ya Padri na kuitia katika kompyuta yangu ndogo? Akacheka katika simu. «Haitakubali,» akasema, «hawasikilizani.»

Alinifundisha hivi. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani msimamizi wa nyumba. Yeye ndiye agawaye kazi: huyu aandike kwenye diski, huyu aonyeshe kwenye kioo, huyu asikilize vidole vinavyobonyeza. Programu nyingine zote ni wageni wanaomwomba msimamizi. Kompyuta ya Padri ilikuwa na msimamizi aitwaye Windows 95, aliyetoka mwaka 1995, na chini yake mzee zaidi aitwaye MS-DOS, aliyetoka 1981. Programu ya Padri, CDS/ISIS, ilifanywa kwa ajili ya mzee huyo. Iliandaliwa na UNESCO, na namna yake ya kompyuta ndogo ilitoka mwaka 1985, ikagawiwa bure kwa maktaba nyingi, hasa za nchi zisizo na fedha. Padri aliizoea kwa sababu ndiyo aliyotungia orodha ya vitabu vya maktaba. Nayo ni programu ya biti 16, maana yake husema lugha fupi ya mashini za zamani. Windows za leo za biti 64 zimeiacha lugha ile kabisa. Ukiipa programu ya namna hiyo, hukataa mlangoni.

— Basi tufanyeje?

— Tutaijengea nyumba yake ya zamani ndani ya nyumba yako mpya.

Hiyo ndiyo inaitwa mashini pepe. Nilipoitaja kwetu, bibi mmoja wa Legio alishika rozari yake, akidhani ni mambo ya mapepo. Si mapepo, mama. Fikirini hivi. Bibi wa kijijini ameletwa mjini kwa mwanawe. Jiko la gesi halijui, anaogopa kuligusa. Mwana mwenye akili anamtengea chumba uani: anamwekea mafiga matatu, kigoda chake, chungu chake, kinu chake. Bibi anapika kama alivyozoea, na chakula ni kitamu kama zamani. Hajui kwamba nyuma ya ukuta kuna mji mzima. Mashini pepe ni chumba kile. Ni programu inayomwambia mfumo wa zamani: hii ndiyo kumbukumbu yako, hii ndiyo diski yako, hiki ndicho kioo chako. Mzee anaamini, anafanya kazi. Kumbe «diski» yake ni faili moja tu katika kompyuta mpya, na «kioo» chake ni dirisha moja juu ya kioo changu.

Wala si jambo la jana. Kati ya 1964 na 1967 watu wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, nchi ya Marekani, waliigawa mashini moja kubwa hata kila mtumiaji akadhani anayo mashini nzima peke yake. Kazi yao ya kwanza iliitwa CP-40. Mwaka 1972 IBM ikatoa VM/370 kwa wanunuzi wake. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ikaleta ufundi ule kwenye kompyuta ndogo za mezani. Na mwaka 2007 ikatoka VirtualBox, ya Wajerumani wa kampuni ya innotek, ambayo baadaye ilipita kwa Sun, kisha kwa Oracle. Hiyo ndiyo tuliyoitumia, maana haidai malipo.

Nilipanda lori na diski ya zamani kifuani, nimeifunga katika kitambaa kama mtoto. Kazi ya kwanza ya mwenzangu haikuwa kuiwasha. Aliifunga kwa waya maalum, akainakili yote, tangu mwanzo hata mwisho, pamoja na nafasi tupu, ikawa faili moja. Akaniambia: «Diski yenyewe hatutaigusa tena. Tukiharibu, tuharibu nakala.» Diski nzima ya Padri ilikuwa gigabaiti 2. Kifunguo kidogo nilichotia katika mkufu, cha gigabaiti 16, kingebeba diski nane kama ile.

Kisha akafungua VirtualBox, akaumba mashini. Akaipa kumbukumbu ya megabaiti 32. Kompyuta yangu ndogo inazo 4.096; basi mzee alipewa sehemu moja katika 128, nayo kwake ilikuwa utajiri. Akaondoa kabisa njia ya kutoka kwenda intaneti. Nilimwuliza sababu. Akasema: «Microsoft waliacha kuitunza Windows 95 mwishoni mwa 2001. Magonjwa ya leo haijachanjwa hata moja. Mzee abaki ndani.» Nikarudi kwetu na kila kitu katika kompyuta yangu, ili niifungue mbele ya Padri.

Jioni ile tulikaa ofisini, Padri, mimi na mzee mmoja wa baraza la parokia. Nikawasha. Likaja wingu la Windows 95. Mzee wa baraza akasema kwa sauti ya chini: «Ni lenyewe! Ndilo nililoliona kwa Padri marehemu!» Mara kioo kikawa cheusi, na maneno ya hitilafu. Nikazima, nikawasha, hivyo hivyo. Mara ya tatu, hivyo hivyo. Nikaona haya.

Nikampigia mwenzangu simu. Kumbe kosa lilikuwa la mbio. Ndani ya Windows 95 kuna sehemu ya mambo ya mtandao, jina lake NDIS, ambayo wakati wa kuamka hupima mwendo wa kompyuta. Waliotunga kipimo kile hawakufikiri kutakuwa na mashini za mwendo wa gigahezi 2,1 na kuzidi. Mashini ikiwa na mbio hizo, kipimo hutoa sifuri. Na kugawanya kwa sifuri hakuwezekani, basi msimamizi huanguka. Mimi nilikuwa nimetafuta kosa katika uzee wa programu. Nalo lilikuwa katika mbio za kompyuta yangu.

— Sasa nifanye nini?

— Windows huihitaji. Programu ya Padri ni ya DOS. Kabla wingu halijatokea, bonyeza F8, kisha chagua kuingia kwenye mstari wa amri tu.

Nikabonyeza F8. Ikaja orodha fupi ya kuchagua. Nikachagua. Kioo kikabaki cheusi, na pembeni herufi chache: C:\> na kistari kikipepesa. Hapakuwa na picha wala rangi. Hapo ndipo Padri mzee alipokaa jioni zote zile.

Tukafungua ISIS, tukaita hazina ya ubatizo. Tukatafuta jina la seremala. Yakaja mawili. La kwanza: ubatizo 1992, wazazi wake, msimamizi wake, kipaimara 2005. Ndoa: hakuna. Mahali pale palikuwa patupu.

La pili: ubatizo 1989. Ndoa, 16/7/2011, na jina la mwanamke.

Hakuna aliyesema neno. Padri aliinua miwani yake, akasoma mara mbili. Nami nilitazama chini.

Lakini neno la fundi lilitoka wapi? Hakulitunga. Mwenzangu alinieleza kesho yake, nami nawaeleza kwa sababu ndilo kiini cha habari hii. Katika CDS/ISIS maneno ya watu wote yamo katika faili moja kubwa, jina lake laishia na MST. Ukimsahihisha mtu, mara nyingi programu haiandiki juu ya maneno ya kwanza. Huandika karatasi mpya mwisho wa faili, kisha katika faili jingine dogo, liishialo na XRF, hubadili alama: mtu huyu sasa mtafute kule. Maneno ya kwanza hubaki yamelala pale pale mpaka faili lipangwe upya, lakini programu haiyaonyeshi tena, maana imekwisha kuyaacha.

Basi ilikuwa hivi. Mwaka 2011 barua ilikuja, na Padri mzee, mwenye majina mawili yanayofanana mbele yake, alitia ndoa kwa mtu asiye wake. Akagundua. Akalifuta neno kwa seremala, akaliandika kwa ndugu yake. Programu ilitii. Lakini fundi yule hakuwa na programu. Alizoa herufi za faili kubwa kama zilivyolala, bila kutazama alama. Akaokota na yale yaliyokwisha kufutwa. Hata majina ya Kifaransa yaliharibika kwa sababu hiyo hiyo: katika kompyuta ya Padri herufi é ilikuwa na namba 130, na katika Windows namba 130 ni alama nyingine. Ndani ya mashini pepe, Hélène alikuwa Hélène.

Kosa la Padri lilikuwa limesahihishwa miaka kumi na moja. Mimi ndiye niliyelifukua, nikalibandika juu ya paji la uso wa mtu asiye na hatia.

Siku ya Jumapili, kabla ya Misa, nilikwenda kwa baba wa msichana pamoja na Padri na yule mzee wa baraza. Sikumweleza habari za MST na XRF. Nilisema: «Mzee wangu, neno nililokuletea lilikuwa la uongo. Nililisoma mahali pasipofaa, nikalisema mahali pasiponipasa. Kijana yule hana mke.» Mzee alinitazama. Kisha akasema:

— Mwalimu, uongo uliuleta mbio, hata hukungoja nifike nyumbani. Ukweli umekuja kwa miguu.

Sikuwa na jibu. Akaendelea kunitazama, kisha akaita mtoto alete viti.

Kwa seremala nilikwenda peke yangu. Alizima randa. Nikasema yale yale. Akanyamaza, akapuliza vumbi juu ya ubao, akasema: «Nilikuambia, Mwalimu.» Nikajibu: «Uliniambia.» Hayo tu. Mwaka 2023 walifunga ndoa, na mimi ndiye niliyeandika ndoa yao katika kitabu, kwa wino. Mikono yangu ilitetemeka kidogo. Nilitazama jina la baba na la mama kabla ya kugusa karatasi.

Tangu hapo kila jioni nilifungua mashini pepe na kusahihisha orodha yetu, jina kwa jina. Mke wangu hakuipenda kazi ile, na alikuwa na haki. Nyumbani tunatumia betri ya jua. Mzee DOS hajui kusinzia: hata asipokuwa na kazi, anangoja kidole chako kwa kuuliza bila kupumzika, umebonyeza? umebonyeza? Kompyuta ilipata moto, kipepeo chake kikalia, na kabla ya saa mbili ya usiku taa ilizimika.

— Baba Watoto, mzee wako anakula umeme wa watoto wanaosoma!

Tulipatana: watoto wasome kwanza, kisha mzee. Lakini mwenzangu alinionyesha njia fupi. Programu ya Padri ina uwezo wa kutoa majina yote kwa namna iitwayo ISO 2709, ambayo watunza maktaba wa dunia nzima wanaijua. Tukamwagiza mzee atoe vyote yeye mwenyewe, naye akatoa vile tu visivyofutwa. Kutoka hapo tukageuza herufi kwa namna ya leo, tukapiga chapa, tukajalidi. Nakala moja iko ofisini, moja iko kwa Askofu.

Ndugu zangu wa parokia nyingine, najua kwenu pia kuna kompyuta juu ya kabati. Nawapa maneno manne.

Kwanza, msiitupe, wala msimpe mtu «atoe majina» kwa haraka. Nakilini diski nzima kwanza, na ile ya asili iwekwe pakavu.

Pili, tunzeni pamoja na maandiko ile programu iliyoyaandika, na mfumo wake, na karatasi za haki ya kuvitumia. Sisi tulikuta karatasi ya Windows ya Padri katika droo, pamoja na risiti yake. Asiye na karatasi ya DOS asiibe: ipo FreeDOS, iliyoanzishwa 1994, ambayo ni bure kwa wote, nayo huendesha programu nyingi za namna hii.

Tatu, mzee asitolewe nje. Mashini pepe yenye mfumo wa zamani isifungwe kwenye intaneti.

Nne, mkikuta katika orodha neno la kumhukumu mtu, lisomeni mahali pa asili kabla ya kulisema. Na mkilisema, semeni kwa yule apaswaye kulisikia, si kwa mtu wa njiani.

Maana nimejifunza hivi: kutunza maandiko hakutoshi, ikiwa hatukumtunza ajuaye kuyasoma. Faili la Padri lilikuwa na kweli na kosa, vimelala pamoja. Ile programu ya zamani peke yake ndiyo iliyojua lipi limekwisha kufutwa.

Juzi nilipita tena mbele ya banda la seremala. Hakuzima randa. Alinyanyua mkono tu, akaendelea na kazi. Anatengeneza kitanda kidogo, cha mtoto.